Shajara ya mradi: kupanga nyimbo bora za Queen, barazani Zanzibar

## Alhamisi, 5 Septemba 2024: Swali la mgeni

Shemeji yangu hutembeza wageni Mji Mkongwe. Kituo chake kimojawapo ni ile nyumba ya Shangani yenye picha za Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, mlangoni, ambayo tangu 2019 ni makumbusho. Maelezo ya pale ameyahifadhi kama Alhamdu: jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, kazaliwa hapahapa, tarehe kama ya leo, mwaka 1946, wazee wake Waparsi, Bomi na Jer, akapelekwa mdogo kusoma shule ya bweni Panchgani, India, akarejea 1963, mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Anayasema bila kupumua, wageni wanapiga picha, msafara unaendelea.

Wiki iliyopita mgeni mmoja mtu mzima akamkatiza: "Na kwako wewe, wimbo wao bora ni upi?" Akajibu Bohemian Rhapsody. "Wa pili?" We Are the Champions. "Wa tatu?" Shemeji anasema alijikuta ameinama kufunga kamba za viatu, na siku hiyo alivaa makubadhi.

Barazani tulimcheka, kisha tukajaribu wenyewe. Katika watu saba aliyefika wimbo wa tano ni mimi tu, na mimi nina udhuru: nimekua na kanda ya kaka yangu ya Greatest Hits, ile ya 1981 ambayo mpaka leo hakuna albamu iliyouzwa Uingereza kuishinda. Kanda yenyewe ilichezwa hadi ikawa inaimba kama mtu mwenye mafua.

Basi tumekubaliana: tusikilize kazi yote, tuipange, tumpe shemeji karatasi moja anayoweza kuitetea mbele ya mgeni yeyote. Naandika hatua kwa hatua ili atakayetaka kufanya hivi kwa bendi nyingine, iwe Led Zeppelin au Mlimani Park, asipite kwenye mashimo yetu.

Masharti: nyimbo za studio tu, kutoka albamu 15, kuanzia Queen ya 1973 hadi Made in Heaven ya 1995, iliyokamilishwa Freddie akiwa ameshafariki. Mwisho wa kazi ni 24 Novemba, siku aliyofariki mwaka 1991 akiwa na miaka 45. Wapiga kura watano: mimi; shemeji; mjomba, mpiga fidla wa taarab asiyejali roki hata chembe; mpwa wangu wa miaka 19; na fundi wa spika za harusi. Bibi hukaa nasi barazani lakini kura kaikataa. Kasema yeye atasikiliza tu.

## Jumapili, 8 Septemba: Orodha

Albamu 15 zina vipande takriban 170. Iliyotusumbua ni Flash Gordon ya 1980, ambayo ni muziki wa filamu: vipande 18, na viwili tu ndivyo nyimbo za kuimbwa. Vile 16 tumevitoa, pamoja na vya ala tupu kama Procession na God Save the Queen. Zimebaki kama 150.

## Jumamosi, 14 Septemba: Alama 1 hadi 10 hazifai

Tumemaliza albamu nne za mwanzo kwa kila mtu kutoa alama, na daftari halina maana yoyote. Nyimbo 29 zina wastani kati ya 7 na 8. Mjomba kaupa kila wimbo 5 kwa sababu hakuna hata mmoja wenye fidla za maana. Mpwa hutoa 9 kabla ya kula na 6 baada ya kula.

Nikawatega. Killer Queen ilipita saa nne asubuhi, nikairudisha saa moja usiku bila kusema kitu. Shemeji asubuhi aliandika 6, usiku kaandika 9. Nilipomwonesha kurasa mbili kaniangalia kama nimemwibia pochi.

Alama zinapima hali ya mtu saa ile. Tumezifuta zote. Badala yake nimekata kadi za manila, kijani na nyekundu, na swali limekuwa moja: ungependa kuusikia tena kesho? Ndiyo au hapana. Tunapumzika kwa Maulidi, tutaanza upya katikati ya wiki.

## Jumapili, 22 Septemba: Kadi zimefanya kazi, kofia imeharibu

Usiku nne, nyimbo zote 150. Kadi zinakwenda haraka na hazina ubishi. Zilizopata kijani tatu au zaidi ni 51. Tukapanga kwa wingi wa kijani, kila mtu akapewa haki ya kuokoa wimbo mmoja, tukabaki na 32.

Zogo kubwa lililetwa na Mustapha, wimbo unaofungua albamu Jazz ya 1978. Freddie anaanza peke yake, anavuta sauti, na mpita njia mmoja akasimama akidhani tumeweka kaswida. Maneno ni mchanganyiko: Kiingereza kidogo, majina na maneno ya Kiarabu, na mengi ya kubuni. Bibi akauliza, "Anasema nini huyu?" Nikamwambia hata yeye mwenyewe sina hakika kama alijua. Cha ajabu, wa kwanza kunyanyua kijani alikuwa mjomba. Ulipata tatu, lakini kwenye 32 haukufika.

Kosa la leo ni langu. Nyimbo 32 zilinifanya nifikirie Kombe la Dunia, nikasema tuingie mtoano moja kwa moja. Tukaandika majina kwenye vikaratasi, tukatia kofiani, mpwa akachomoa. Karatasi mbili za kwanza kabisa: Bohemian Rhapsody na Somebody to Love. Yaani fainali ichezwe mechi ya kwanza, mmoja aende nyumbani, na kwenye pambano la tatu tupate wimbo wa kujazia albamu ukipita kiulaini. Tukasitisha palepale.

Ligi ya wote kwa wote ndiyo haki, lakini hesabu inatisha: nyimbo 150 ni mapambano 11,175, kwa dakika nane kila moja ni siku 62 bila kulala. Hata 32 ni mapambano 496. Tumeamua makundi nane ya nyimbo nne nne, vigogo wametengwa kwenye vyungu kama wafanyavyo kwenye mpira, wawili wa juu wapite. Mapambano 48. Kisha 16 watakaobaki wacheze ligi kamili.

## Jumamosi, 28 Septemba: Tulikuwa tunapigia kura ukubwa wa sauti

Hili ndilo kosa lililotugharimu kuliko yote, na anayetaka kuiga alisome mara mbili.

Baada ya makundi mawili niliona nyimbo za miaka ya themanini zinazipiga za sabini bila huruma. Nikaanza kutunga nadharia: labda masikio yetu ya kisasa, labda dramu. Fundi akaniangalia kwa huruma ya mtu wa kazi. Kaweka Killer Queen mara mbili, rekodi ileile, ila ya pili kaongeza sauti kidogo sana, kiasi ambacho sikukiona mkono wake ukisogea. Wanne kati yetu tulisema ya pili "imerekodiwa vizuri zaidi." Mjomba akaongeza kwamba mpiga piano alikuwa amechangamka.

Ndivyo sikio lilivyo: sauti iliyozidi kidogo haliisikii kama kubwa, huisikia kama nzuri. Na nyimbo zetu zimetoka huku na huku, nyingine sidii za zamani, nyingine matoleo yaliyosafishwa upya na kupandishwa. Mapambano 12 yakafutwa.

Dawa ya kwanza ilikuwa programu ya simu ya kupima sauti, ikawekwa kwenye kiti cha katikati, kila wimbo urekebishwe hadi desibeli 75. Tukapima sekunde 30 za mwanzo. Bohemian Rhapsody inaanza kwa sauti za watu tu, pole pole, kwa hiyo tukaipandisha ifike 75. Yale magitaa ya dakika ya nne yalipoingia, jirani akagonga ukuta kwa mchi. Dawa ya pili, iliyofaa: pima wastani wa wimbo mzima, kisha tia alama ya utepe kwenye kitufe cha sauti kwa kila wimbo. Ilichukua siku mbili za fundi na haikugharimu kitu ila utepe.

## Jumapili, 6 Oktoba: Spika moja inakula nusu ya muziki

Tulikuwa tunatumia spika moja ya bluetooth. The Prophet's Song ya Brian May, mpiga gitaa wao, ikafungwa mara tatu mfululizo kwenye kundi lake, na mimi nikakataa kuamini.

Wimbo huu una dakika nane na ushei. Katikati ala zote zinanyamaza, Freddie anabaki peke yake. Anaimba mstari, mashine inaurudisha baada ya muda kidogo, naye anaimba juu ya sauti yake mwenyewe, ikarudi tena, hadi panakuwa na Freddie watatu, mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja kati. Kwenye spika moja wote watatu wamebanwa mlango mmoja. Unachosikia ni mtu anayejirudiarudia. Mpwa alikuwa sahihi kuinua nyekundu.

Nikanunua hedifoni za waya, za mtumba lakini nzima. Tukapeana zamu. Mpwa alipofika pale katikati aligeuza kichwa kutazama nyuma. Wimbo ukapita wa pili katika kundi lake baada ya marudio.

Kwa Queen hili si jambo dogo. Hawa walijenga nyumba yao kwa kutandaza sauti juu ya sauti. Kwenye Bohemian Rhapsody, iliyotengenezwa 1975 pamoja na prodyuza Roy Thomas Baker, kwaya yote ya sehemu ya opera ni watu watatu, Freddie, May na mpiga dramu Roger Taylor, waliojirekodi tena na tena hadi, kwa simulizi ya May, utepe ukachakaa ukaanza kupitisha mwanga. Ukiisikiliza kwa simu mezani unaona kivuli cha nyumba tu.

Bibi, ambaye hedifoni alizivaa juu ya mtandio, alituliza mkono hewani katikati ya wimbo huo. "Kasema Bismillahi?" Kasema. "Haya, endeleeni." Sijui kama ile ilikuwa kura.

## Jumamosi, 19 Oktoba: Makundi yamekwisha

Mapambano 48 tayari. Umeme ulitukatikia mara mbili, hakuna la kusimulia.

Waliotoka na kuleta maneno: We Are the Champions. Nilitegemea wafike mbali. Lakini kila mmoja wetu ameusikia kila msimu wa mpira tangu azaliwe, na swali letu ni kama ungependa kuusikia tena kesho. Shemeji amenuna kwa sababu huo ndio uliokuwa wa pili wake. Love of My Life nao umekwama nafasi ya tatu. Toleo la studio lina piano na kinubi alichokipiga May, ni zuri, ila wanaoupenda wengi wanaupenda ule wa jukwaani, gitaa na umati unaoimba. Sharti letu ni studio. Nilisisitiza sharti lisivunjwe, na ninaandika hapa kwamba nilisisitiza mimi.

Kosa jipya nililoligundua wakati wa kujumlisha: wimbo uliochezwa wa pili umeshinda mara 31 kati ya 48. Wa kwanza unakuwa umeshapoa sikioni. Kwenye ligi tutarusha shilingi kuchagua nani aanze, na kabla ya kura tutarudia nusu dakika ya wimbo wa kwanza.

## Jumatatu, 28 Oktoba: Wametubadilishia mzigo

Ijumaa iliyopita Queen wametoa upya albamu yao ya kwanza, sasa kwa jina Queen I, imechanganywa upya kabisa. Dramu za 1973 zilikuwa kavu kama za kupigwa kabatini, na wenyewe hawakuzipenda; sasa zina pumzi. Wimbo Mad the Swine, ulioachwa nje wakati ule, umerudishwa.

Fundi kadai haki itendeke kwa Keep Yourself Alive, singo yao ya kwanza, iliyotoka 1973 na isiingie hata kwenye chati za Uingereza. Kwetu ilifungwa 4 kwa 1 kwa sauti ya zamani. Tumeijaribu kwa sauti mpya: imefungwa 3 kwa 2. Matokeo hayabadiliki, ila tumeona hatari. Sharti jipya: mchanganyiko unaohesabika ni ule wa mara ya kwanza. Ukiacha mlango huu wazi, mradi hautaisha, kwa sababu wenye bendi bado wapo kazini.

## Jumapili, 10 Novemba: Ligi, na hadithi zilizoingia kwenye kura

Nyimbo 16, mapambano 120. Kwa urefu kamili ni kama saa 18, kwa hiyo mwishoni mwa wiki ya kwanza tulijaribu njia ya mkato: sekunde 90 za kila wimbo. Haifai. Inabeba Another One Bites the Dust, ambao ndani ya sekunde kumi umeshasema kila kitu kwa besi, na inaua Innuendo, ambao utamu wake uko pale unapoacha njia, likaingia gitaa la Kihispania la Steve Howe, mgeni kutoka bendi ya Yes, kisha ukarudi na hasira zake. Tukarudi kwenye urefu kamili na birika la kahawa.

Kisha likaja jambo la shemeji. The Show Must Go On ulianza vibaya, ukafungwa na Don't Stop Me Now na I Want to Break Free. Kabla ya pambano la tatu, shemeji, kwa mazoea ya kazi, akaanza: kwamba wimbo huu umetungwa zaidi na May, kwamba Freddie alikuwa mgonjwa mno, kwamba singo ilitoka Oktoba 1991 na wiki sita baadaye akafa. Anajua kusimulia, ndiyo riziki yake. Wimbo ukashinda mapambano manane mfululizo. Mpwa alikuwa akifuta macho kwa upindo wa kanga.

Usiku nilikaa na daftari nikaona tatizo. Hatukuupigia kura wimbo, tuliipigia kura maiti. Na kama hadithi zinaruhusiwa, basi kila wimbo upewe msimulizi: '39 uwe na May, mwanafunzi wa fizikia ya nyota, aliyetunga kuhusu mabaharia wa angani wanaorudi wakiwa vijana wakute waliowaacha wamezeeka, You're My Best Friend uwe na John Deacon, mpiga besi wao, aliyemtungia mkewe. Au wote, au asiwepo hata mmoja.

Tuliamua asiwepo. Mapambano manane yakarudiwa baada ya siku nne, kimya, shemeji akiwa ameshikilia mdomo wake kwa mkono. The Show Must Go On ukashinda sita kati ya yale manane. Kwa hiyo wimbo una nguvu zake bila jeneza. Lakini sasa tunajua, awali tulidhani tu.

Kanuni kwa mwenye kuiga: kusimulia ni baada ya kadi, kamwe si kabla.

## Jumamosi, 16 Novemba: Msimamo wa mwisho

Bohemian Rhapsody na Somebody to Love zimemaliza sawa, ushindi 13 kila mmoja katika mapambano 15. Walipokutana, Somebody to Love ilishinda 3 kwa 2. Kwa hiyo ya kwanza ni Somebody to Love, singo ya 1976 iliyoishia nafasi ya pili Uingereza wakati wake.

Kura iliyoamua ni ya mjomba, mtu ambaye Septemba alitoa 5 kwa kila kitu. Nilimuuliza baada ya kadi. Kasema Bohemian ni nyumba nzuri ya kutembelea, unapita chumba hadi chumba unashangaa. Ule mwingine ni mwimbaji na waitikiaji, anauliza, wanamjibu, anawazidi, wanamfuata, na hiyo ndiyo kazi anayoielewa tangu utotoni. Nikamwuliza anadhani waitikiaji ni wangapi. Kafumba macho, kasema ishirini na zaidi. Nilipomwambia ni watatu walewale akataka urudiwe.

Ya tatu ni Under Pressure, ya 1981, waliyoitengeneza Montreux, Uswisi, na mwimbaji David Bowie. Ya nne The Show Must Go On. Ya tano Killer Queen, ambayo kwangu mimi ndiyo yenye ufundi mwingi kwa dakika chache kuliko zote, na nilipiga kura hivyo kila mara. Ya sita Don't Stop Me Now. Ya saba Innuendo. Ya nane Another One Bites the Dust. Mjomba anashikilia kwamba hiyo si roki bali disko, na hakosei sana, kwani Deacon aliupata mwendo ule kwa bendi ya Chic, na aliyewasukuma waitoe kama singo ni Michael Jackson. Ikafika namba moja Marekani 1980. Fundi anaipiga harusini na hakuna bibi harusi aliyewahi kulalamika.

Ya tisa The Prophet's Song, shukrani kwa hedifoni. Ya kumi We Will Rock You. Hapo palikuwa na mabishano kama ni wimbo au ni kelele za uwanjani, hadi nilipowaambia baada ya kura kwamba hakuna dramu kabisa. Ni watu wanakanyaga mbao na kupiga makofi, wakaongezwa kwa marudio ambayo May anasema aliyapanga kwa umbali wa namba tasa, ili isikike kama umati na si kama mwangwi. Mpwa, anayesoma hesabu, alitaka kubadilisha kadi. Kanuni ni kanuni.

Kuanzia 11 hadi 16: '39, I Want to Break Free, Radio Ga Ga, Who Wants to Live Forever, You're My Best Friend, Crazy Little Thing Called Love. Huu wa mwisho inasemekana Freddie aliutunga akiwa kwenye bafu la hoteli, Munich, na kweli unasikika kama wimbo wa mtu mwenye povu kichwani.

Nilipoandika majina ya watunzi pembeni ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitafuta. Freddie tano, May nne, Taylor mmoja, tatu za bendi nzima, moja kati ya hizo na Bowie. Na tatu za Deacon, mpiga besi, mtu ambaye hasikiki akiimba, aliyeacha shughuli zote za bendi miaka ya tisini na kwenda kukaa nyumbani kwake. Katika maelezo ya shemeji ya Shangani jina lake halimo.

Gharama, kwa shilingi: bando 38,000, hedifoni 55,000, sidii mbili za zamani 20,000, moja wapo imekwaruzika na haichezi, na muuzaji hataki kuisikia habari hiyo, manila 6,000, daftari mbili na kalamu 5,500, kahawa, kashata na urojo 41,000. Jumla 165,500. Muda ni wiki kumi. Ukiruka alama za 1 hadi 10, kofia, spika moja na sekunde 90, nadhani utamaliza kwa wiki tano.

## Jumapili, 24 Novemba: Karatasi imetoka

Nimemchapishia shemeji ukurasa mmoja, nyimbo 16, mbele ya kila moja mwaka na mtunzi. Ameongeza jina la Deacon kwenye maelezo yake. Leo ni siku ya kumbukumbu, Shangani watu wengi, maua mlangoni.

Saa tano asubuhi akanipigia simu. Nyuma yake nasikia kelele. Anasema karatasi imepokewa vizuri na Waingereza wawili, wamebishana kidogo kuhusu namba moja, wameridhika. Shida ni kundi lililofuata, Wabrazili sita. Wameisoma juu mpaka chini, wakaigeuza nyuma kutazama kama kuna mwendelezo, wakauliza Love of My Life iko wapi. Mmoja wao, mama wa makamo, anasema alikuwepo Rio Januari 1985 usiku ule umati ulipouimba wote na Freddie akawaachia.

"Nimewaambia sharti lilikuwa studio," shemeji kasema.

"Wakasemaje?"

"Hawajasema. Wameanza kuuimba."

Nikamwambia awaache wamalize.